Madamu, unaondoka lini?

Ujumbe uliingia kwenye grupu la timu Jumapili, saa nne usiku, wiki ya pili ya muhula. "Vijana, nimepata sehemu nyingine. Nawashukuru kwa yote, tuombeane." Dakika moja baadaye likatokea lile tangazo dogo la kijivu kwamba kocha ametoka kwenye grupu. Kabla hata sijaweka simu chini, jumbe zilikuwa zimefika arobaini, na nyingi haziwezi kuchapishwa humu. Zile za adabu zilisema: msaliti, njaa tu, hana shukrani. Mmoja aliweka picha ya basi bila neno lolote.

Huyo ni kocha wa tatu kuondoka tangu niingie chuo hiki mwaka 2023. Mimi si mchezaji, ni katibu wa timu. Naandika mahudhurio, natunza jezi, nafuatilia barua ya kuomba gari, na wachezaji wananiita "dada katibu", hata wale walionizidi umri. Kocha akiondoka, vifaa hurudi kwangu. Chini ya kitanda changu hosteli sasa hivi kuna koni kumi na moja, mipira minne (mmoja unavuja), filimbi, na kauntabuku moja lenye jalada lililochanika.

Usiku ule na mimi niliandika. Niliandika hivi: "Makocha hawa hawana mapenzi na mpira, wana mapenzi na jiji." Nikapigiwa vidole gumba vingi kweli. Makala hii naiandika ili niyafute maneno hayo hadharani, kwa sababu siyaamini tena. Kocha kuondoka si dhambi. Tatizo ni timu yetu kukaa yote kichwani mwa mtu mmoja, halafu tukashangaa mtu huyo akiondoka nayo. Na sisi tunaosoma ualimu tuna sababu ya ziada ya kunyamaza kabla hatujamwita mtu msaliti. Nitaieleza.

Kwanza tumtazame huyo mtu. Mji wetu mnaujua. Maji yanatoka kwa zamu, umeme ukikatika Ijumaa unaweza kurudi Jumapili, na Jumamosi ukimaliza kufua hakuna pa kwenda zaidi ya kibanda umiza na kiwanja. Sisi tunavumilia kwa sababu tunajua siku ya kuondoka: miaka mitatu, joho, picha, basi. Isitoshe bumu likiingia tunasahau shida kwa wiki mbili. Kocha hana bumu. Ana posho inayoandikwa kwamba ni ya kila mwezi lakini inatoka pale inapotoka. Ana kodi ya chumba. Ana mke na mtoto mkoa mwingine. Akitaka kupanda leseni ya ukocha, kutoka D kwenda C, kozi inatangazwa, lakini nauli ni yake, malazi ni yake, na siku atakazokuwa kozini sisi tutasema anatoroka mazoezi. Akishinda, hakuna anayemwona, maana mechi zetu hazionyeshwi popote. Akifungwa, tunamwona wote.

Mtu huyo akipigiwa simu na timu ya mjini yenye mshahara, hata kama ni kuwa msaidizi wa msaidizi, mlitaka ajibu nini?

Tena tusijidanganye kwamba haya ni ya mashambani tu. Mjini makocha wanabadilishwa kuliko sisi. Simba walimwondoa Robertinho Novemba 2023, siku chache baada ya kufungwa 5-1 na watani. Yanga msimu wa 2024/25 walianza na Miguel Gamondi. Novemba 2024, baada ya kupoteza kwa Azam na kisha kwa Tabora United, akaondolewa, akaja Sead Ramovic. Februari 2025 Ramovic akaenda zake Algeria, kwa CR Belouizdad, akaja Miloud Hamdi. Makocha watatu msimu mmoja! Na Juni 2025 Yanga hao hao wakaifunga Simba 2-0 na kubeba ubingwa wa nne mfululizo. Pale kwenye kibanda umiza watu walibishana usiku kucha ni kocha gani kati ya watatu anastahili medali.

Sasa linganisha na Mbao FC ya Mwanza. Msimu wa 2016/17 walikuwa wageni Ligi Kuu, timu isiyo na tajiri, na kocha wao alikuwa Mrundi, Etienne Ndayiragije. Mwaka ule waliitoa Yanga nusu fainali ya Kombe la Shirikisho pale Kirumba, wakaenda Dodoma kucheza fainali na Simba, na Simba ikahitaji dakika za nyongeza kushinda 2-1. Kanda ya Ziwa nzima ilikuwa Mbao siku hiyo. Baada ya hapo Ndayiragije alikwenda KMC, akaenda Azam, na mwaka 2019 akakabidhiwa Taifa Stars. Alipanda ngazi kwa haki yake. Mbao nayo, mwaka 2020, ikatolewa na Ihefu kwenye mechi za mchujo, ikashuka daraja. Sisemi ilishuka kwa sababu ya mtu mmoja, timu ina mambo mengi. Ila tofauti ya pande hizi mbili inaonekana. Yanga ni basi la kampuni: dereva akishuka, anapanda mwingine, abiria wamo, mafuta yamo. Kwenye timu ndogo kocha anakuja na baiskeli yake mwenyewe, na akiondoka anaondoka nayo. Waliobaki wanatembea kwa miguu.

Hilo nililijua kwa kichwa tu. Lilinigusa nilipokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha.

Julai 2025 nilipangiwa shule moja ya sekondari katika kata ya Kalemela, mkoani Simiyu. Kwa wasiopajua, unatoka Mwanza na magari ya barabara ya Musoma, unapita Magu, unashuka, unamalizia kwa bodaboda. Ukitaka kwenda Bariadi, makao makuu ya mkoa, unazungukia Lamadi. Ulikuwa msimu wa pamba. Asubuhi mikokoteni ya ng'ombe ilikuwa inapita na marobota kuelekea ghala la AMCOS, na wazee walioketi juu yake walinisalimia "mwangaluka" kana kwamba wamenijua miaka yote. Mama mwenye nyumba alinikaribisha kwa michembe na chai, akaniambia, "Mwanangu, kula, huku hakuna chipsi." Nilicheka, lakini usiku nililia kidogo. Mtandao ulikuwa unapatikana chini ya mwembe mmoja tu. Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari langu la maandalio ya masomo nilichora vijistari, kimoja kwa kila siku iliyobaki.

Mkuu wa shule aliona kwenye fomu yangu kwamba ni katibu wa timu ya mpira. Akafungua kabati, akanikabidhi filimbi. Mwalimu wa michezo alikuwa amehama tangu Machi. Nilimwambia, "Mkuu, mimi naandika mahudhurio tu." Akasema, "Hata hayo hakuna anayeandika."

Basi saa kumi jioni nikaenda kiwanjani. Wavulana na wasichana wachache walikuwa wanacheza chandimu, mpira wa mifuko ya plastiki uliofungwa kamba za katani. Wakasimama mstari mmoja, vumbi mpaka magotini. Nahodha wao, mvulana wa kidato cha tatu anayedaka, akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Madamu, unaondoka lini?"

Nilidhani ni utani, au anataka kujua siku ya kuniaga. Nikamjibu kwamba Ijumaa ya mwisho ya Agosti. Akahesabu kwa vidole, akawageukia wenzake. "Ana wiki saba. Basi tusianze kitu kipya, tutafanya vile vya zamani." Kisha akanieleza kwa upole, kama mtu mzima anayemweleza mtoto: mwalimu aliyehama alianza kuwafundisha kukaba kwa eneo badala ya kila mtu kukimbizana na mtu wake. Walifika katikati. Akahama. Wakaenda kwenye mechi za UMISSETA nusu wakikaba hivi, nusu wakikaba vile, na walifungwa mabao ambayo mpaka leo hawajui ni kosa la nani.

Nawaomba mfikirie lile swali. Mtoto wa miaka kumi na sita hakuniuliza najua nini. Aliuliza nitakuwepo muda gani, ili ajue atumie kiasi gani cha moyo wake. Na ni wazi hakulianza kwangu. Amelijifunza kwa mwalimu wa hesabu aliyekaa mwaka mmoja, wa fizikia aliyeripoti akapotea, na walimu wa mazoezi kama mimi wanaokuja kila Julai na kuondoka na picha za kumbukumbu.

Tangu zamani wachezaji wa nchi hii wakizungumzia kocha wanasema "mwalimu". "Mwalimu ametupa maelekezo." "Tunamsikiliza mwalimu." Usiku ule, mbele ya vile vijistari vyangu, niliona kwamba ni mtu yule yule. Kocha niliyemtukana kwenye grupu na mwalimu ninayejiandaa kuwa wanaongoza kwenye kituo kimoja cha basi. Tulieni darasani kwetu msikilize mazungumzo ya mwaka wa tatu. Anayesema anataka kupangiwa kijijini ni nani? Tunaulizana nani ana mjomba wa kumsaidia abaki mjini. Wengine tunaomba tu tupate ajira yoyote, maana siku hizi kuna usaili na foleni ni ndefu, lakini ndani ya maombi hayo tumeshapanga kwamba tukipelekwa mbali tutaanza kutafuta uhamisho. Halafu Jumapili usiku tunamwita kocha msaliti.

Sasa, sitaki kuwahubiria kwamba kila mmoja akazikwe kijijini. Anayedai mtu ajitolee maisha yake huku posho yake imekaliwa, naye hana haki ya kusema. Watu watahama. Makocha watahama, walimu watahama, na sisi wenyewe tutahama. Kinachowezekana kubadilika ni kile wanachokiacha nyuma.

Na hapa sisi wa Elimu tuna kitu ambacho watu wa mpira hawana. Mwalimu halali akihama katikati ya muhula, anaacha azimio la kazi linaloonyesha mada gani zimepangwa wiki gani, na shajara inayoonyesha amefika wapi. Anayekuja anaendelea kutoka ukurasa ule. Haijalishi kama wote tunayajaza kwa moyo au kwa kumwogopa mkaguzi, utaratibu upo. Kwa nini timu ya chuo kinachozalisha walimu haina azimio la kazi?

Nina ushahidi kidogo, si mkubwa. Kocha wetu wa kwanza aliondoka Februari 2024 bila kuacha hata karatasi. Wa pili alipofika ilibidi aulize jina la kila mtu, nani anacheza wapi, nani ana goti bovu. Mwezi mzima ulipotea, na beki mmoja alirudishwa uwanjani kabla hajapona kwa sababu hakuna aliyeandika kwamba ameumia. Huyo kocha wa pili ndiye aliyenunua lile kauntabuku. Aliniambia, "Dada katibu, usiandike majina tu, andika tulichofanya." Nikaandika: siku ile tumefanya kona, siku hii tumepiga pasi za kwanza, fulani ana maumivu ya nyonga. Alipoondoka Januari 2025, wa tatu alikaa na daftari lile jioni mbili. Jioni ya tatu alikuwa anawaita watu kwa majina. Hatukuchukua kombe lolote, msije mkadhani. Ila hatukuanza moja.

Kalemela nilifanya vivyo hivyo. Sikujua kukaba kwa eneo kunafundishwaje, ikabidi nimpigie kocha wetu kutoka chini ya mwembe. Alinielekeza kwa simu karibu saa nzima, bila malipo, yule yule niliyekuja kumwita mpenda jiji. Kila jioni nahodha alikuwa anaandika kwa mkono wake tulichofanya na kilichobaki. Nilipoondoka, daftari sikumwachia yeye. Nilimwachia msichana wa kidato cha kwanza ambaye ndiye alikuwa hakosi mazoezi, kwa sababu yeye ana miaka mitatu mbele. Oktoba mwalimu mmoja wa pale alinitumia picha. Ilikuwa ukurasa wa daftari lile, tarehe ya wiki ile, mwandiko si wangu wala si wa nahodha. Ulisema: "Leo tumerudia kukaba. Wapya wanne. Mpira umepasuka." Sikumbuki kufurahia matokeo ya mtihani kama nilivyofurahia mistari ile mitatu.

Kwa hiyo nina mapendekezo manne kwa Waziri wa Michezo wa serikali yetu ya wanafunzi, na kwa yeyote atakayekaa kiti hicho baada yake.

La kwanza, kocha ajaye aulizwe siku ya kwanza, kwa heshima na bila kinyongo: mwalimu, unaondoka lini? Akisema muhula mmoja, tumpe kazi ya muhula mmoja, tuiandike, na posho yake iandikwe tarehe. Mtu anayelipwa kwa tarehe hukaa hata siku zile alizokuwa amepanga kutoroka.

La pili, timu iwe na azimio la kazi, lisomwe mbele ya wachezaji, na nakala ikae ofisini. Chini ya kitanda changu si ofisi.

La tatu, kila kocha awe na wasaidizi wawili wanafunzi, mmoja wa mwaka wa kwanza na mmoja wa pili. Tuache tabia ya kuwapa wa mwaka wa tatu vyeo vyote eti ni wakubwa. Wakubwa ndio wanaopanda basi kwanza.

La nne, chuo kizungumze na chama cha mpira cha mkoa, kozi ya awali ya ukocha iletwe hapa hapa, na nafasi zipewe kwanza wanafunzi wa ualimu. Fikiria kila mwaka wahitimu ishirini wanaotoka hapa wakiwa na cheti cha kufundisha Kiswahili au hesabu na cheti cha kufundisha mpira pia. Hata wakipelekwa mbali, watafika na kitu kinachowafanya watoto wawazunguke siku ya pili.

Najua kuna watakaosema daftari halifungi magoli. Ni kweli, na posho isiyolipwa nayo haifungi. Wengine watasema hii ni kazi ya chuo, si yetu. Lakini nani kati ya watumishi wa chuo anakaa pembeni ya uwanja saa kumi na moja jioni? Vyuo vinaendelea kusogea mikoani. Mradi wa HEET ulioanza 2021 unajenga majengo ya kampasi mahali ambapo miaka kumi iliyopita hapakuwa na chuo kikuu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinakwenda Kagera na Lindi, IFM wapo Simiyu, SUA wapo Katavi. Ni jambo jema sana. Ila jengo linasimama lenyewe likishajengwa, timu haisimami hivyo, wala darasa. Wanafunzi wa kampasi hizo watakuwa na Jumamosi kama zetu, na watahitaji wa kuwapigia filimbi.

Na mimi je, nikipangiwa Kalemela nitakaa? Nimejiuliza sana, maana mtu hawezi kuandika haya yote akakwepa. Ukweli ni kwamba sijui. Mama yangu yuko peke yake na mimi ndiye wa kwanza. Lakini nimeamua jambo moja: popote nitakaporipoti, mtoto akiniuliza swali lile nitamjibu tarehe, nitamwonyesha azimio la kazi, na tutaanza kitu kipya hata kama tuna wiki saba.

Kwa kocha wetu wa tatu, ambaye najua bado ana marafiki humu watakaompigia picha ukurasa huu: mwalimu, samahani kwa maneno yangu ya usiku ule. Na asante kwa lile somo la chini ya mwembe.

Mkutano wa kamati ya michezo ni wiki ijayo. Nitakuja na koni kumi na moja, mipira minne, filimbi na kauntabuku. Nimeshachora mstari wa sahihi ya mpokeaji chini ya ukurasa wa mwisho. Nahitaji mtu wa mwaka wa kwanza.